Kirikuu ikiwa 60, kwa nini 80 haiji?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina kirikuu, kile kilori kidogo, nabeba unga kutoka Kariakoo kwenda Mlandizi. Nikishapita Kibaha, barabara ikiwa njia moja kwenda na moja kurudi, nakuta semi mbele yangu inakwenda 60. Nataka kuipita, nakanyaga mafuta hadi mwisho, gari linanguruma tu. Nikakaa na binti yangu wa kidato cha tatu tupige hesabu ya kani, yaani msukumo, ya kulitoa gari 60 hadi 80 kwa sekunde 8. Gari na kila kilichomo ni kilo 1,200. Mimi nimepata nyutoni 3,000, yeye kapata 833. Halafu ananiambia kani hiyo ndiyo ile ile ya kutoka 0 hadi 20, wakati kutoka 0 hadi 20 gari langu linaondoka bila shida. Mimi siku zote nilijua gari likishatembea linahitaji kani ndogo. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Binti yako amejibu sawasawa swali aliloulizwa, na wewe unachokiona barabarani ni kweli tupu. Mnagombana kwa sababu swali aliloulizwa ni nusu tu ya kinachotokea gari linapotaka kutoka 60 kwenda 80. Nusu ya pili ndiyo inayokunyima semi, na ndiyo iliyonifanya nikae na karatasi jioni nzima.

Tuimalize kwanza 3,000 yako. Umechukua 20, ukagawa kwa 8, ukapata 2.5, ukazidisha kwa 1,200. Hiyo 20 ni kilometa kwa saa, na nyutoni inataka mita kwa sekunde. Gawa kilometa kwa saa kwa 3.6 kabla hujafanya jambo lingine lolote. Hapo 20 inakuwa 5.56. Gawa kwa sekunde 8, unapata mchapuko wa 0.694, yaani kila sekunde inayopita gari limeongeza mwendo wa mita 0.694 kwa sekunde. Zidisha kwa kilo 1,200, ndiyo 833 ya binti. Nimefundisha mekanika miaka mingi na hili la 3.6 limeangusha wanafunzi wangu wazuri kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo usione haya.

Hizo kilo 1,200 nazo nimezikagua. Kirikuu tupu ni kama 700, wewe na utingo 150, viroba 14 vya kilo 25 ni 350. Jumla imekaa. Na 350 ndizo kilo ambazo gari la aina hii hupangiwa kubeba huko kwao Japani. Najua Kariakoo wapo wanaopakia viroba 28 na safari inaanza. Wakifanya hivyo, 833 inapanda hadi 1,076 kabla hatujagusa upepo wala mlima.

Sasa tuje kwenye lile ulilolijua siku zote, kwamba gari likishatembea linahitaji kani ndogo. Limetoka kwenye mikono yako, si kwenye kitabu, ndiyo maana linakataa kukutoka. Umewahi kusukuma gari lililozimika Jangwani maji yakiwa yamejaa. Mnaanza watu wanne, mnaguna, halijongei. Likishaanza kuzunguka, wawili wanatosha. Mwanzoni mlikuwa mnalipa vitu viwili kwa pamoja: kulitoa gari kwenye kusimama, na kuyabandua matairi yaliyokwisha kukaa na kubonyea pale chini. Likishatembea, mnalipa msuguano peke yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa anataka lizidi kwenda mbio. Mlikuwa mnaendeleza mwendo. Wewe na semi yako hamuendelezi mwendo, mnauongeza, na kuongeza kunadai nyutoni 833 zake zile zile, gari likiwa limesimama, likiwa 60 au likiwa 100. Kanuni ya pili ya Newton, iliyochapishwa 1687, haiulizi gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Inauliza kilo ngapi, na unataka mwendo ubadilike haraka kiasi gani.

Basi kama kani ni ile ile, ugumu unatoka wapi?

Ukiwa Kariakoo safari ijayo, simama dakika tano Mtaa wa Msimbazi umtazame msukuma mkokoteni. Ana marobota ya mitumba, anapiga kelele "pisha, pisha". Anapouondoa mkokoteni, amekita miguu, mwili ameulaza mbele, mgongo wote uko kwenye kazi. Mkokoteni unaanza kutembea naye anatembea. Sasa mwambie auongeze mwendo ukiwa tayari unakimbia. Mkokoteni haujaongezeka hata kilo. Lakini kabla hajausukuma, lazima kwanza miguu yake ikimbie kama unavyokimbia wenyewe, kisha ibaki na akiba ya kusukuma. Mtazame mguu wa nyuma: mwanzoni ulikaa chini muda mrefu, ukasukuma kwa kutulia. Sasa unagusa lami na kunyanyuka, unagusa na kunyanyuka, na katika kila mguso anatakiwa atoe msukumo ule ule. Atachoka mara nyingi zaidi kwa msukumo huo huo. Injini yako ndiyo huyo kijana.

Tuiweke kwa namba. Kutoka 0 hadi 20 kwa sekunde 8, gari linatembea mita 22 tu. Kutoka 60 hadi 80 kwa sekunde 8 zile zile, linatembea mita 156. Kani ya 833 ikisukuma kwa mita 22, inatumia nishati ya kilojuli 18.5. Ikisukuma kwa mita 156, inatumia kilojuli 130. Mara saba, kwa nyutoni zile zile na sekunde zile zile. Binti yako anaweza kuhakikisha kwa njia nyingine aliyofundishwa, ile ya nusu ya tungamo zidisha na kipeo cha pili cha mwendo: atoe ya 60 kwenye ya 80, itamletea 130 hiyo hiyo. Mimi nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, maana ni pazuri sana.

Neno moja kabla sijasonga. Mtaani neno nguvu linabeba mizigo miwili. Fundi akisema "gari halina nguvu", wakati mwingine anasema msukumo wa magurudumu, ambao ndio kani na hupimwa kwa nyutoni. Wakati mwingine anasema jinsi injini inavyoweza kutoa nishati haraka, ambao ni uwezo na hupimwa kwa kilowati. Uwezo ni kani zidisha na mwendo. Ukivichanganya hivi viwili, kila hesabu ya gari itakuchezea.

Sasa turudi barabarani, kwa sababu 833 ni kani inayobaki baada ya barabara na hewa kuchukua chao. Injini haikulipi wewe kwanza. Inawalipa wao, kinachobaki ndicho kinachoongeza mwendo.

Barabara inachukua kupitia matairi. Tairi linabonyea na kurudi, linabonyea na kurudi, na kubonyea huko kunakula. Kwa lami nzuri na matairi yenye upepo wa kutosha, chukua 0.015 ya uzito wa gari: 1,200 mara 9.8 (ya mvuto wa dunia) mara 0.015, ni nyutoni 176 hivi. Namba hii haibadiliki sana na mwendo. Inabadilika vibaya sana na barabara. Ukiiacha lami ukaingia mchanga wa Chamazi au Bunju ndanindani, 0.015 inaweza kuwa 0.1 na zaidi, na hapo unadaiwa karibu nyutoni 1,200 kwa kutembea tu, bila kuongeza hata kidogo. Ndiyo maana huko unakwenda na gia namba moja na bado gari linalia.

Hewa ni habari nyingine kabisa. Yenyewe inakua na kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, hewa inakudai mara nne. Kwa joto letu la pwani, nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.16 hivi. Uso wa kirikuu nimeukadiria mita za mraba 2.2, na kwa kuwa mbele ni bapa kama mlango wa kabati, nimeweka 0.5 kwenye nafasi ya umbo, yaani namba ya jinsi umbo linavyopasua hewa. Zidisha nusu, 1.16, 0.5, 2.2, kisha mwendo kipeo cha pili. Ukiwa 20, hewa inachukua nyutoni 20, ambazo hata huzisikii. Ukiwa 60 inachukua 177, sawa na matairi. Ukiwa 80 inachukua 315. Ukipanga viroba vikazidi urefu wa kabini, uso unakuwa mkubwa na zote zinapanda.

Jumlisha sasa. Gari likiwa 20 na bado linaongeza mwendo: 833, ongeza 176, ongeza 20, ni 1,029. Gari likifika 80 na bado linaongeza mwendo kwa kiwango kile kile: 833, ongeza 176, ongeza 315, ni 1,324. Tofauti ya kani si ya kutisha, kama theluthi moja hivi. Lakini zidisha kila moja na mwendo wake kwa mita kwa sekunde. Kwenye 20 injini inatakiwa ifikishe magurudumuni kilowati 5.7. Kwenye 80 inatakiwa ifikishe kilowati 29.4. Hapo ndipo kelele yako ya kunguruma inapotoka. Injini ya kirikuu ya sisi (cc) 660 isiyo na tabo, ikiwa mpya, hutoa kilowati 30 hadi 37 kutegemea toleo, tena pale tu inapozunguka kwa kasi kabisa. Gia na difu zinakula karibu sehemu moja ya kumi njiani. Kwa hiyo unachoidai kwenye 80 ni takribani kila kitu ilichonacho, na kwa injini iliyokwisha kutembea miaka mingi ni zaidi ya ilichonacho.

Na hapo nilikuwa nakupa barabara tambarare. Weka mwinuko mdogo, mita 3 kwa kila mita 100, ambao macho hayauoni vizuri ukiwa kwenye kiti. Mwinuko huo unakula 1,200 mara 9.8 mara 0.03, yaani nyutoni 353. Kwenye 80 jumla inafika 1,677, na kilowati zinafika 37. Gari halina. Litapunguza mchapuko lenyewe bila kukuomba ruhusa, nawe utakuwa upande wa kulia wa semi ukishangaa. (Magurudumu na vyuma vinavyozunguka ndani navyo vinataka kusukumwa vizunguke upesi zaidi. Kwenye gia za juu ongeza asilimia 5 hivi juu ya ile 833. Sijaiweka hapa ili binti asichoke, lakini ipo, na haikusaidii.)

Umeniambia unakanyaga mafuta hadi mwisho. Hukuniambia uko gia namba ngapi, na kwa uzoefu wangu na madereva wanaobeba mizigo, uko namba tano. Kani inayofika barabarani ni msukumo wa kuzungusha wa injini, zidisha na uwiano wa gia pamoja na difu, gawa kwa nusu kipenyo cha tairi. Tairi lako la rimu 12 lina nusu kipenyo cha kama mita 0.27. Injini tuseme inatoa nyutoni-mita 60. Kwenye namba tano, uwiano wa jumla tuuweke 5: ukitoa kinachopotea njiani, barabarani inafika nyutoni 1,000. Kwenye namba nne, uwiano tuuweke 6.5: inafika 1,300. Sasa angalia unachohitaji ukiwa 70, katikati ya safari yako ya kutoka 60 kwenda 80: 833, ongeza 176, ongeza hewa 241, ni 1,250. Namba tano haikufikishi. Namba nne inafika kwa tabu. Uwiano kamili wa gari lako fundi anaweza kukuambia, lakini picha itabaki hiyo. Shusha gia ukiwa bado nyuma ya semi, gari lishike, ndipo uamue kutoka. Kushusha gia ukiwa tayari umetoka ni kupoteza sekunde nzima huku klachi ikiwa imekanyagwa na hakuna nyutoni hata moja inayokwenda barabarani.

Kwa hiyo zile sekunde 8 zako, kwa gari hilo na mzigo huo, zifute. Weka 10, tena kwenye tambarare. Kwa sekunde 10 kani ya kuongeza mwendo inashuka hadi 667, jumla kwenye 80 inakuwa 1,158, na hiyo injini isiyochoka inaiweza. Kama ina kiyoyozi, kizime kwanza. Kompresa inakula kilowati 1 au 2, na kwa gari lenye 30 hizo ni nyingi.

Lakini sitaki uishie kwenye nyutoni, kwa sababu unachokitafuta pale ni nafasi. Semi ina urefu wa mita 18 hivi. Unaanza mita 10 nyuma yake, unataka urudi kushoto ukiwa mita 10 mbele yake, na gari lako lenyewe lina mita 3.4. Lazima uizidi kwa mita 41. Katika sekunde 10 za kutoka 60 hadi 80 unaizidi kwa mita 28 tu. Hilo huwashangaza madereva wengi, maana wanadhani wakishafika 80 wamemaliza. Mita 13 zilizobaki unazipata kwa sekunde karibu mbili na nusu zaidi. Jumla sekunde 12 na nusu upande usio wako, ukiwa umetembea mita 250. Basi linalokuja kwa 80 katika sekunde hizo hizo limetembea mita 277. Unahitaji kuona zaidi ya mita 520 za barabara tupu kabla hujatoa usukani, na hizo ni za kukutana pua kwa pua bila nafasi ya kupumua. Mimi ningetaka 700. Kama kona au kilele kiko karibu zaidi ya hapo, baki nyuma. Na panapokuwa na kibao cha 50, maana pale kuna nyumba na watoto, hesabu hii yote haihusiki.

Sasa, mimi nimekisia 0.015 ya matairi na 0.5 ya umbo. Usiniamini, pima. Tafuta kipande kilichonyooka, tambarare, kisicho na magari, alfajiri. Mpe utingo simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Nenda 65, kisha toa gia uweke frii, injini ikiwa inawaka. Usiizime, kwa sababu breki zako zinasaidiwa na injini. Mshale ukigusa 60 utingo aanze kuhesabu, ukigusa 50 asimamishe. Geuza gari, rudia kwa upande wa pili, kisha chukua wastani wa sekunde, ili upepo na mteremko usiouona vifutane. Usifanye hivyo kwenye mteremko ukiwa na mzigo, hata mara moja.

Kama wastani ni sekunde 10, gari lilikuwa linapoteza mwendo wa 2.78 kwa sekunde 10, yaani 0.278. Zidisha kwa 1,200, ni nyutoni 333, ambazo ndizo barabara na hewa zinakudai ukiwa kwenye 55. Kwa makisio yangu ilitakiwa iwe 325, kwa hiyo tutakuwa tumekaribiana. Ukipata sekunde 7, unadaiwa 476, na kuna kitu kinakushika: tazama upepo wa matairi kwanza, kisha inua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono, usikie kama breki inakwaruza. Breki inayoshika kidogo haionekani ukiwa 20. Ukiwa nyuma ya semi inakula zile zile nyutoni ulizokuwa unazitafuta.